Goti, Msuli na Mshipa: Nafasi ya Istilahi za Kiswahili katika Kuwakinga Wanamichezo Wasichana wa Thika na Ruiru

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya utendaji wa misuli ya mguu na hatari ya kuumia goti miongoni mwa wasichana wanaocheza soka, mpira wa kikapu na voliboli. Eneo linalozingatiwa ni miji ya Thika na Ruiru katika Kaunti ya Kiambu. Makala yanadai kwamba maarifa ya kuzuia sehemu kubwa ya majeraha haya yapo, lakini hayamfikii mchezaji kwa sababu lugha inayotumiwa uwanjani haitofautishi viungo vinavyohusika. Neno mshipa limechunguzwa kwa kina, pamoja na kauli za vitenzi zinazotumiwa kueleza ajali za goti. Mwishoni yanatolewa mapendekezo ya istilahi na ya maagizo mafupi ambayo mkufunzi anaweza kuyatumia.

1.0 Utangulizi

Barabara kuu ya Thika inapita katika eneo lenye harakati nyingi za michezo ya wanawake. Thika ndiyo iliyokuwa makao ya Thika Queens, klabu ambayo iliwahi kutwaa ubingwa wa ligi kuu ya soka ya wanawake nchini Kenya. Ruiru kuna Chuo Kikuu cha Zetech, ambacho timu zake zijulikanazo kama Sparks zimeshiriki mashindano ya kitaifa ya soka na mpira wa kikapu. Kati ya miji hii miwili ipo Juja na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Mwaka 2024 timu ya taifa ya wasichana walio chini ya umri wa miaka 17 ilifuzu kwa fainali za Kombe la Dunia zilizofanyika Jamhuri ya Dominika, ikawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika fainali za Kombe la Dunia za FIFA. Ufanisi wa aina hii huwavuta wasichana wengi zaidi viwanjani.

Hata hivyo, kadiri wachezaji wanavyoongezeka ndivyo majeraha yanavyoongezeka. Msomaji na amfikirie msichana wa miaka 16 katika shule yoyote ya eneo hili. Anaruka kuupiga mpira kwa kichwa, anatua kwa mguu mmoja, anasikia mlio ndani ya goti, kisha anaanguka. Hakuna aliyemgusa. Mwalimu anasema, “Ni mshipa tu.” Goti linafura kabla ya jioni. Nyumbani anachuliwa kwa mafuta ya moto. Baada ya majuma matatu uvimbe umepungua, anarudi uwanjani, na goti linamwachia kwa mara ya pili. Safari hii kinachoharibika si kitu kimoja tena.

Katika mfano huu hakuna aliyekusudia ubaya. Mwalimu alitumia neno alilokuwa nalo, na mzazi akatibu kilichotajwa. Swali linalozuka ni hili: je, wangelikuwa na neno jingine, wangelifanya uamuzi mwingine? Makala haya yanajibu kwamba kuna uwezekano mkubwa wangelifanya hivyo.

2.0 Muundo wa Goti na Kazi ya Misuli

Goti ni kiungo kinachokutanisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Mbele yake kuna kilegesambwa, yaani mfupa mdogo wa mviringo ambao wengine huuita pia ya goti. Kati ya mifupa hiyo mikubwa zimelala gegedu mbili zenye umbo la mwezi mwandamo, ambazo kazi yake ni kupunguza mshindo na kusambaza uzito.

Mifupa hii haishikiki yenyewe. Inafungwa pamoja na kano kadhaa, na katikati ya goti zipo kano mbili zinazokingamana mfano wa herufi X. Ile ya mbele huzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele na pia husaidia kuuzuia usijizungushe kupita kiasi. Hiyo ndiyo kano ambayo kukatika kwake humweka mchezaji nje ya uwanja kwa miezi tisa au zaidi, na kwa wengine ndio mwisho wa kucheza.

Misuli ndiyo walinzi wa kano hizi. Misuli minne ya mbele ya paja hunyoosha goti kwa kuuvuta mfupa wa muundi kupitia kilegesambwa. Misuli mitatu ya nyuma ya paja hukunja goti na kuuvuta muundi kurudi nyuma. Kwa hiyo misuli ya mbele, hasa goti likiwa karibu kunyooka kabisa, huiongezea mzigo kano ya mbele, ilhali misuli ya nyuma huipunguzia. Aidha, misuli ya nyuma haiwezi kufanya kazi hiyo vizuri goti likiwa limenyooka. Huhitaji goti lililokunjwa ili mvuto wake uelekee nyuma. Juu zaidi, misuli ya makalio huushika mfupa wa paja usiporomoke kuelekea ndani mchezaji anapotua.

Kutokana na maelezo haya inadhihirika kwamba jambo la msingi ni uwiano. Mchezaji anaweza kuwa na mapaja yenye nguvu nyingi kwa mbele na bado akawa hatarini. Wataalamu wengi hutumia kigezo cha kukadiria kwamba nguvu za misuli ya nyuma zisipungue takriban asilimia 60 ya zile za misuli ya mbele zinapopimwa kwa mwendo wa polepole.

3.0 Kwa Nini Wasichana?

Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba katika michezo yenye kuruka na kugeuka ghafla, wasichana hukatika kano ya mbele ya goti mara mbili hadi tatu au zaidi wakilinganishwa na wavulana wa mchezo uo huo. Sehemu kubwa ya ajali hizi hutokea bila mchezaji kugongwa na mwenzake.

Tofauti hii hujitokeza hasa baada ya kubaleghe. Katika kipindi hicho mifupa ya mapaja na miundi hurefuka na mwili huongezeka uzito. Kwa wavulana nguvu za misuli huongezeka sambamba na urefu huo. Kwa wasichana wengi ongezeko la nguvu hubaki nyuma ya ongezeko la urefu na uzito, isipokuwa wakipewa mazoezi maalumu.

Mwaka 2005 watafiti wa Cincinnati, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima wasichana 205 wa soka, mpira wa kikapu na voliboli kabla ya michezo kuanza. Baadaye tisa miongoni mwao walikatika kano ya mbele. Ilibainika kwamba walipokuwa wakitua katika vipimo vile vya awali, magoti ya hao tisa yalikuwa yamepinda kuelekea ndani kwa takriban digrii 8 zaidi ya wenzao. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wasichana walioumia walikuwa na misuli ya nyuma ya paja iliyo dhaifu kuliko ya wavulana, lakini misuli yao ya mbele haikuwa dhaifu. Huo ndio ukosefu wa uwiano tuliokwisha kuueleza.

Zipo sababu nyingine zinazotajwa, kama vile upana wa nyonga, nafasi finyu ya kano ndani ya mfupa, na athari za homoni. Uzito wa kila moja ungali unajadiliwa. Aidha, tangu mwaka 2021 baadhi ya watafiti wamesisitiza kwamba mazingira nayo yahesabiwe: msichana huanza kufundishwa mazoezi ya nguvu akiwa amechelewa, na mara nyingi hupewa uwanja, viatu na wakufunzi wa daraja la pili. Hoja hii ina mashiko. Hata hivyo mazingira bora peke yake hayaondoi hatari: Beth Mead, Vivianne Miedema na Leah Williamson, wote wa klabu ya Arsenal ya Uingereza, walikosa Kombe la Dunia la mwaka 2023 kwa sababu ya jeraha hili hili.

4.0 Mshipa: Neno Moja, Viungo Vingi

Tugeukie lugha. Katika mazungumzo ya kila siku, mshipa ni mrija wa kupitishia damu. Ni huo huo mshipa unaopeleka hisi kwenye ubongo, ingawa wataalamu huuita mshipa wa fahamu au neva. Mtu aliyekaza shingo hutokwa na mishipa. Anayeumwa paja husema mshipa umemvuta, akimaanisha msuli. Mwenye ngiri husema ana mshipa. Na mchezaji aliyekatika kano huambiwa mshipa wa goti umekatika. Wingi huu wa maana si uzembe wa vijana wa leo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 tayari inaorodhesha mishipa ya damu, ya fahamu na maradhi chini ya neno hili moja.

Asili yake ni ya mbali zaidi. Lugha ya kwanza ya wanafunzi wengi wa Thika na Ruiru ni Gĩkũyũ, na katika lugha hiyo neno mũkiha nalo hubeba maana za mshipa wa damu na kano. Mwanaisimu atatambua mara moja kwamba mshipa na mũkiha ni ndugu wa damu: sauti p ya Kiswahili hulingana na h ya Gĩkũyũ, kama katika kupa na kũhe. Kwa hiyo tunachokabiliana nacho ni urithi wa Kibantu, ambamo kila kitu chembamba, kirefu na chenye kuvutika mwilini kilipewa jina moja. Kwa mchinjaji na mpishi jina hilo lilitosha. Kwa mkufunzi wa leo halitoshi.

Athari zake ni za vitendo. Msuli uliochanika kidogo huweza kupona kwa mapumziko na mazoezi ya taratibu. Kano ya mbele ya goti iliyokatika kabisa kwa kawaida haijiungi vizuri yenyewe, na goti lisilo na kano hiyo huendelea kuchomoka na kuzikwaruza gegedu. Wengi walioumia hivyo hupatwa na kulika kwa gegedu katika muda wa miaka 10 hadi 20, yaani msichana wa miaka 16 anaweza kuwa na goti la ajuza kabla hajatimiza miaka 36. Majeraha mawili yenye hatima tofauti kiasi hiki hayafai kuitwa kwa jina moja.

5.0 Kauli ya Vitenzi na Dhana ya Bahati Mbaya

Jambo la pili ni vitenzi. Ajali za goti huelezwa kwa kauli ya kutendeka na ya kutenduka: goti limeteguka, kano imekatika. Kisarufi, kauli hizi humwondoa mtenda. Sentensi “goti limeteguka” haiulizi nani wala kwa nini. Goti limejifanyia lenyewe. Si ajabu basi kwamba maneno yanayofuata mara nyingi ni “bahati mbaya” au “ni mambo ya Mungu.”

Hata hivyo kitenzi hicho hicho kina hazina ndani yake. Teguka hutokana na tegua, nacho hutokana na tega. Kinachoteguka ni kilichokuwa kimetegwa. Mtego una sehemu zilizopangwa zishikane kwa mvuto uliolingana. Mvuto wa upande mmoja ukizidi, mtego hufyatuka. Hiyo ndiyo picha sahihi ya goti ambalo misuli yake ya mbele imeizidi ya nyuma. Mwalimu anayeeleza mnyambuliko huu darasani atakuwa amefundisha sarufi na afya kwa wakati mmoja, na mwanafunzi ataelewa kwamba kabla ya kuteguka kuna kutegwa, na kwamba kutegwa huko kunaweza kurekebishwa.

6.0 Mapendekezo ya Istilahi

Kiswahili hakianzii sifuri katika uwanja huu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Tatizo ni kwamba kazi hizi hazionekani viwanjani. Katika kuchagua maneno tumezingatia vigezo vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na mwanaisimu wa Uganda, Kiingi, hasa usahihi, uwazi, uwekevu na kutokuwa na matusi. Tunapendekeza yafuatayo:

(a) Msuli: nyama inayokaza na kulegea. Neno mshipa lisitumiwe kamwe kwa maana hii.

(b) Kano ya msuli: kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa.

(c) Kano ya kiungo: kamba inayounganisha mfupa na mfupa. Neno kano hutumiwa na watu kwa kamba zote mbili, hivyo ni afadhali kulitunza na kulipambanua kuliko kuunda jipya.

(d) Kano mkingamo ya mbele: kano ya kiungo iliyo katikati ya goti tuliyoieleza katika sehemu ya 2.0. Mwenzake huitwa kano mkingamo ya nyuma. Jina hili linaeleza umbo na mahali.

(e) Gegedu hilali: gegedu za goti zenye umbo la mwezi mwandamo. Hilali ni neno lililokwisha kuzoeleka katika Kiswahili, na jina la kitaalamu la Kigiriki lina maana iyo hiyo ya mwezi mdogo.

(f) Misuli ya makalio: kigezo cha kutokuwa na matusi kina uzito hapa. Mkufunzi wa kiume huona haya kulitaja neno matako mbele ya wasichana, na matokeo yake misuli hii muhimu haitajwi wala haifanyiwi mazoezi. Makalio ni neno la staha linaloweza kutamkwa uwanjani, darasani na mbele ya wazazi.

Neno mshipa libakie kwa damu na, likifuatwa na “wa fahamu”, kwa neva.

7.0 Lugha ya Maagizo Uwanjani

Istilahi ni kwa ajili ya kueleza. Maagizo ni kwa ajili ya kutenda. Kano mkingamo ya mbele hukatika ndani ya takriban milisekunde 50 tangu mguu uguse ardhi. Muda huo hautoshi mchezaji kusikia onyo na kulitii, wala hautoshi yeye mwenyewe kufikiri. Misuli lazima iwe imejikaza kabla ya kutua, nayo hujifunza hivyo kwa mazoezi yanayorudiwa hadi yawe mazoea. Agizo basi linapaswa kuwa fupi, la neno moja au mawili, na lirudiwe kila siku bila kubadilishwa.

Tunapendekeza maagizo manne. La kwanza ni “Tua kimya.” Mchezaji anayetua kwa kishindo hajakunja goti, sikio la mkufunzi huwa kipimo. La pili ni “Kunja,” litolewalo wakati wa kutua na wa kusimama ghafla, kwa sababu goti lililokunjwa huiruhusu misuli ya nyuma kufanya kazi yake. La tatu ni “Goti juu ya kidole,” yaani goti lielekee zilikoelekea ncha za vidole na lisiporomoke ndani. La nne ni “Chuchumaa,” kitenzi ambacho kila mtoto hukijua tangu utotoni na ambacho hubeba ndani yake kukunja nyonga, goti na kifundo cha mguu kwa pamoja. Kwa misuli ya nyuma lipo zoezi la wawili: mmoja hupiga magoti, mwenzake humshika vifundo vya miguu, kisha aliyepiga magoti huinamia mbele polepole akiwa amenyoosha kiwiliwili, akijizuia asianguke kwa kadiri awezavyo. Zoezi hili halihitaji kifaa chochote.

Faida ya mazoezi ya namna hii imepimwa. Programu ya FIFA 11+ huchukua takriban dakika 20 kabla ya mazoezi. Ilijaribiwa nchini Norwei kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja na yale mabaya zaidi kwa karibu nusu. Nchini Uswidi wachezaji 4,564 wa miaka 12 hadi 17 walifuatiliwa. Waliopangiwa dakika 15 za mazoezi mara mbili kwa juma walipata visa 7 vya kano mkingamo ya mbele iliyokatika, ilhali wenzao ambao hawakupangiwa walipata visa 14, ingawa kundi lao lilikuwa dogo zaidi. Idadi hizi ni ndogo, lakini kila moja ni goti la msichana. Ikumbukwe pia kwamba mazoezi haya huwafaa wanaoyafanya kwa ukawaida, na ni vigumu kudumu na jambo ambalo maelezo yake hayaeleweki.

Kwa upande wa dalili, mwalimu na mzazi wazijue tatu: mlio ndani ya goti wakati wa kuumia, uvimbe unaojitokeza katika saa chache za kwanza, na goti kumwachia mchezaji anapogeuka. Zikiwapo, mchezaji asichuliwe wala asirudi uwanjani, apelekwe hospitalini, na anayempeleka aseme bayana, “Tunashuku kano ya goti imekatika,” badala ya “ana mshipa.” Kauli ya kwanza humwelekeza tabibu aipime kano hiyo. Kauli ya pili inaweza kuishia kwenye vidonge vya kutuliza maumivu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hatari ya kuumia goti kwa wasichana inahusiana kwa karibu na uwiano wa misuli ya mbele na ya nyuma ya paja, na jinsi misuli ya makalio inavyolidhibiti goti wakati wa kutua. Yameonyesha vilevile kwamba neno mshipa, ambalo ni urithi halali wa Kibantu, limebebeshwa mzigo usioliwezekania, na kwamba kauli za kutendeka na kutenduka huficha sababu za ajali.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Urasmi huo haujakamilika iwapo msichana wa Thika au Ruiru hawezi kuelezwa kwa lugha hiyo ni nini kilichokatika ndani ya goti lake. Wanachama wetu wengi watakuwa walimu, na mwalimu wa Kiswahili katika shule zetu mara nyingi ndiye pia mlezi wa timu. Tunapendekeza kwamba vyama vya Kiswahili vya vyuo vilivyo kando ya barabara ya Thika vishirikiane na wanafunzi wa tiba ya viungo kuandaa karatasi moja ya maagizo na istilahi, ibandikwe katika vyumba vya kubadilishia mavazi, kisha marekebisho yafanywe kutokana na maoni ya wachezaji wenyewe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe tumekwisha kuuona.